Mashine ya kuosha vyombo na kihisi chake cha kuvuja: tathmini baada ya miaka 2 ya matumizi

Mashine ninayoitathmini ina upana wa sentimita 60, inapokea vyombo vya watu 13 kwa mara moja, na imekuwa jikoni kwetu Dar es Salaam kwa miaka 2 sasa. Jina la kampuni nimeliacha kwa makusudi, kwa sababu sehemu ninayotaka kuizungumzia inapatikana, kwa maumbo yanayokaribiana, katika mashine za watengenezaji wengi. Kuhusu uoshaji wenyewe sina malalamiko: sufuria zenye ukoko wa wali hutoka safi zikilowekwa kidogo kabla, glasi hazibaki na ukungu maadamu chumba cha chumvi hakijaachwa kitupu, na sauti yake haizuii mazungumzo. Nimeamua kuandika kwa ajili ya kihisi cha kuvuja, ambacho kilitusimamishia kazi mara tatu, kikatuhumiwa kuwa kibovu, na mwishowe kikaonekana kuwa ndicho kifaa kinachofanya kazi vizuri kuliko vyote vilivyomo ndani.

Chini kabisa ya mashine kuna sinia ambalo kwa kawaida linapaswa kuwa kavu. Ndani ya sinia hilo kuna boya jepesi lililokaa juu ya swichi ndogo, na hivyo viwili ndivyo kihisi chenyewe. Maji yakivuja kutoka sehemu yoyote ya juu, hujikusanya kwenye sinia, boya huinuka, swichi hubadilika, na papo hapo mashine hufunga vali ya kuingiza maji na kuwasha pampu ya kutoa maji, ambayo huendelea kunguruma bila kukoma mpaka uchomoe waya kwenye soketi. Kwenye kioo hutokea msimbo wa hitilafu. Wenye mashine za Bosch huuona kama E15, wenye Miele huuona kama F70, na kampuni nyingine zina namba zao. Kijitabu cha mashine yangu kinaueleza msimbo huo kwa sentensi moja tu, kwamba mtumiaji apigie simu kituo cha huduma.

Mara ya kwanza ilikuwa katika mwaka wa kwanza, na chanzo hakikuwa siri. Vidonge vya sabuni vilikuwa vimekwisha, mdogo wangu akatia sabuni ya maji ya kawaida tunayotumia kwenye sinki, povu likajaa ndani, likapenya chini ya mlango na kuteremka kwenye sinia. Sabuni ya mashine imetengenezwa isitoe povu jingi, na ndiyo maana hata kijiko kimoja cha ile ya kawaida huleta fujo. Tulikausha, tukaendesha mashine tupu mara mbili ili kuondoa mabaki, na tatizo likaisha.

Mara ya pili hapakuwa na povu wala kosa la mtu. Fundi aliyekuja alianza kwa kulaumu msukumo wa maji, kwa kuwa tunategemea tenki lililo juu ya mnara wa takriban mita 6. Hoja hiyo haikusimama: mita 10 za kimo hutoa msukumo wa karibu baa 1, kwa hiyo sisi tunapata kama baa 0.6, na kijitabu kinadai angalau 0.5, tena maji yakiingia polepole, mashine huonyesha msimbo mwingine kabisa. Baada ya hapo aliilaza mashine nyuma, maji yakamwagika sakafuni, akairudisha mahali pake ikawaka. Tulifurahi kwa siku 9. Msimbo uliporudi alisema, "Mama, kihisi kinadanganya, na bodi nayo imekwisha," akataja gharama ya bodi mpya, yaani saketi ya elektroniki inayoongoza mashine, ambayo ilikaribia nusu ya bei tuliyoinunulia mashine.

Hapo ndipo nilipoamua kuchunguza mwenyewe kabla ya kulipa. Nilichomoa waya wa umeme, nikafunga koki ya maji, kisha nikaondoa ubao mwembamba wa chini mbele, ambao katika mashine hii umeshikiliwa kwa skrubu mbili. Kwa tochi niliona sinia lina maji, na kwa sifongo nilitoa kiasi cha vikombe viwili. Hili ndilo swali la kwanza na kwa maoni yangu ndilo lenye uzito kuliko yote: je, sinia lina maji au ni kavu? Likiwa kavu, boya limekaa chini na msimbo bado upo, basi kuna haki ya kushuku swichi, nyaya au bodi. Likiwa na maji, kihisi kimesema kweli, na anayekibadilisha anapoteza fedha zake wakati maji yanaendelea kudondoka.

Hata hivyo nilikipima, ili nisibaki na shaka. Nililiinua boya kwa kidole nikasikia mlio mdogo wa swichi. Nilipoliachia lilishuka bila kukwama. Nikachomoa nyaya zake mbili na kuweka multimita, kifaa cha kupimia umeme, kwenye kipimo cha mwendelezo wa saketi: boya likiwa chini umeme haukupita, likiwa juu ulipita, kila mara, bila kusitasita. Kifaa cha namna hiyo si kibovu. Aina nyingine hufanya kinyume chake, lakini jambo la kutafuta ni lile lile, yaani hali ibadilike kila boya linapohama.

Ushahidi uliokuwa na maana zaidi ulikuwa maji yenyewe, nami nasikitika kwamba mara ya pili tuliyamwaga yote bila kuyatazama. Safari hii yalikuwa meupe, hayana utelezi wa sabuni wala harufu ya chakula. Maji yaliyokwisha kuosha vyombo huwa na mafuta na sabuni, na yakionekana kwenye sinia mtu aangalie mpira wa mlango, pampu, na maungio ya chini ya chujio. Maji safi huelekeza macho upande yanakoingilia. Basi niliukausha ule upande wote kwa kitambaa, nikaacha feni ikipuliza usiku kucha, na asubuhi nikatandaza karatasi za shashi chini ya kila ungio ninaloweza kulifikia. Nikarudisha nyaya, nikaendesha mzunguko mfupi wa kusuuza huku ubao ukiwa wazi, bila kupeleka mkono ndani hata mara moja, kwa kuwa umeme wa volti 230 na maji havina msamaha. Kabla ya kuzigusa zile karatasi nilichomoa waya tena. Karatasi moja tu ilikuwa na doa, nayo ilikuwa chini ya mpira unaotoka kwenye vali kwenda kwenye kisanduku cha maji cha ubavuni. Klipu iliyoushika ilikuwa imelegea.

Tone hilo lilitoka tu wakati vali ilipofunguka kuingiza maji, yaani kwa dakika chache katika kila mzunguko, na ndiyo sababu sinia lilichukua siku nyingi kufikia kimo cha boya. Kuilaza mashine hakukutengeneza chochote. Kulifuta alama zote na kuanzisha hesabu upya. Niliweka klipu ya chuma cha pua niliyoinunua duka la vifaa vya ujenzi kwa shilingi 1,500, na tangu siku hiyo, sasa ni wiki ya 11, sinia limebaki kavu.

Kwa upande wa usalama naipa mashine alama za juu. Vali yake hujifunga yenyewe umeme unapokatika, jambo lenye thamani kubwa kwetu, ingawa uvujaji ulio kabla ya vali hauzuiliwi na chochote isipokuwa koki, na kwa hiyo tunaifunga kila tunaposafiri. Nimesikia pia mafundi wakipendekeza nyaya za kihisi zichomolewe au boya lifungwe lisiinuke ili mashine "isisumbue". Nawasihi wasomaji walikatae pendekezo hilo kabisa. Kama ningelikubali, maji yangekuwa yamejaa sinia, yakafurika karibu na nyaya, na kuozesha kabati la jikoni bila mtu kujua.

Kijitabu, kwa upande mwingine, kimeniangusha. Ukurasa mmoja ungetosha kumweleza mwenye mashine jinsi ya kufungua ule ubao, kutazama sinia, na kutofautisha maji ya sabuni na maji safi, kisha kumwacha aamue kama anamhitaji fundi. Huduma baada ya mauzo nayo haikunipa sababu ya kuisifu, kwani fundi aliyetumwa hakuwa na multimita wala tochi, na sehemu ya kwanza aliyopendekeza kubadilisha ndiyo ghali kuliko zote.

Naipa mashine nyota 4 kati ya 5. Anayefikiria kununua ya aina hii amwombe muuzaji, pale pale dukani, amwonyeshe jinsi ubao wa chini unavyofunguliwa na boya lilipo. Yangu inahitaji bisbisi na dakika mbili, lakini ya jirani yetu haifikiki mpaka itolewe kwenye kabati na kuvuliwa ukuta wa pembeni, na kwa sababu hiyo sinia lake halijawahi kutazamwa tangu iliponunuliwa.