Usukani mrefu kwa pikipiki ya Boxer 150, nimejifungia mwenyewe nyumbani Malindi

Niseme mapema, usukani wenyewe mzuri na sijuti pesa yangu, lakini kama unadhani unanunua chuma peke yake basi jipange, manake chuma ndo sehemu rahisi, kinachokula pesa na mchana mzima ni waya.

Mimi ni mrefu halafu kila wiki naenda Marafa na mzigo, sasa ule usukani wa kawaida wa Boxer nikifika Mambrui tu mgongo unalia na mabega yamekaza. Nikaagiza huu wa kupanda kama inchi 4 hivi kutoka duka moja Mombasa, 1,800, nikatuma M-Pesa ukaletwa na matatu. Nilimuuliza muuzaji waya za zamani zitafika? Akanijibu "Kaka hiyo inaingia pikipiki yoyote, wewe funga tu." Ni kweli inaingia, unene ni ule ule milimita 22 kama wa zamani kwa hivyo klampu zinashika vizuri, lakini kuingia na kufanya kazi ni vitu viwili na yeye anajua.

Kufungua hakuna maneno. Tanki nililifunika leso kuukuu mbili kwa sababu lazima kitu kitaangukia pale, nikatoa sidemira, nikalegeza mikono ya klachi na breki, nikafungua bolti 4 za klampu. Ile mipira ya kushikia usiikate, chukua bomba la sindano uingize maji ya sabuni chini yake halafu zungusha, inatoka yenyewe. Na wakati wa kurudisha tumia maji maji tu, mafuta usijaribu, mpira utakuzungukia mkononi ukiwa barabarani.

Sasa kuna kitu hakuna anayekwambia. Ndani ya kile kisanduku cha swichi kuna kipini kidogo kama punje ya mtama, kinaingia kwenye tundu la usukani ili swichi isizunguke. Usukani mpya hauna tundu! Vijana wengi wa boda wanakikata kile kipini kwa tupa wanamaliza, halafu ndo unaona mtu anawasha indiketa na swichi yote inageuka. Mimi nilichukua wanja wa mke wangu (bila kuuliza) nikapaka kwenye ncha ya kipini, nikakiweka kisanduku pale ninapotaka nikakibana kidogo, nikatoa, na kwenye kromu pakabaki nukta nyeusi safi kabisa. Hapo hapo nikatoboa na drili ya ami jirani, yeye ni fundi wa baiskeli, alikuja kusimama akacheka wee, "mwanangu wewe unaipaka pikipiki wanja inaenda harusini?"

Haya, waya. Za umeme hazikusumbua, ukifungua taa ya mbele utakuta zimekunjwa humo ndani na kufungwa, ukiachilia zinafika. Shida ni klachi, eksileta na breki ya mbele, na Boxer yangu breki ni ya waya. Za zamani zilifika, usukani ukiwa umenyooka. Washa injini, acha silensa ipumue taratibu, halafu geuza usukani hadi mwisho kushoto na hadi mwisho kulia. Yangu nilipogeuza upande mmoja injini ikapanda yenyewe vuuum bila mkono wangu kugusa eksileta, manake waya imevutika. Fikiria hiyo ikupate unakata kona ndani ya vichochoro vya Shella kule msikiti wa Juma, watoto wanacheza mlangoni. Nikazima. Nikachukua uzi wa kuvulia nikaupitisha njia ile ile ya waya nikapata kipimo, nikaenda dukani nao na waya za zamani ili kichwa cha waya kifanane, nikanunua zote tatu ndefu, kama 1,200 hivi jumla. Ukiweka ya klachi acha mkono ucheze kidogo kabla haujaanza kuvuta, ukiikaza sana klachi itateleza na kuungua. Na eksileta ukiiachia lazima irudi yenyewe, usukani ukiwa upande wowote.

Barabarani sasa, raha, nakaa wima, mikono imelegea, barabara mbovu za ndani nasimama vizuri nikiendesha. Ila upepo. Ukikaa wima kifua ndo tanga, na msimu wa kusi ukielekea Kilifi unapigwa moja kwa moja, juu ya 80 mimi nachoka shingo. Kwa wa mjini hilo halimhusu.

Kromu ndo imenikasirisha. Hapa kwetu chumvi haina huruma, na pale kwenye kona za kuchomelea doa la kutu limeshaanza na usukani bado mpya mpya. Kama wangekuwa na ule mweusi wa rangi ningechukua huo, siku hizi naufuta na kitambaa chenye oili kila nikirudi.

Naupa 4 kwa 5. Wenye pikipiki ya breki ya diski na mafuta, nyinyi paipu yenu ikiwa fupi pelekeni kwa fundi, ile inataka paipu ndefu na kutolewa hewa, si kazi ya kubahatisha barazani.