Makao ya wazee: ziara ya miadi au ya kushtukiza?

Unapokagua makao kabla ya kumpeleka mzee wako, ziara ya miadi hukupa meneja na makabati yaliyo wazi. Omba daftari la dawa, uangalie saini za wiki 2 zilizopita: nafasi tupu ina maana dozi haikutolewa au haikuandikwa, na yote mawili ni kasoro. Omba pia karatasi ya saa za kuwageuza wasioweza kujigeuza kitandani. Kila mstari ukisoma saa 2:00, 4:00, 6:00 kamili, kwa kalamu ileile, huenda ilijazwa kwa mkupuo mwishoni mwa zamu, na vidonda vya mgandamizo, vinavyotokana na kulalia sehemu moja muda mrefu, havidanganywi na karatasi. Uliza wangapi wameacha kazi mwaka huu na usiku hubaki wahudumu wangapi.

Ziara ya kushtukiza haikupi nyaraka hizo; pengine hata meneja hayupo. Lakini ndiyo inayoonyesha maisha yenyewe. Nenda jioni au Jumapili, wakati wa chakula, wahudumu wanapokuwa wachache. Hesabu dakika tangu kengele ya kumwita mhudumu ilie hadi mtu afike. Tazama glasi ya maji: iko karibu na mkono, au imewekwa pambo? Mzee asiyeifikia huweza kupungukiwa maji mwilini, akachanganyikiwa, akaanguka. Harufu ya mkojo katika chumba kimoja ni jambo la kawaida. Ikijaa ukumbini kutwa, wahudumu hawatoshi au hawasimamiwi.

Kama nafasi ni moja tu, chagua ya kushtukiza. La sivyo, ianze hiyo, ya miadi ifuate kabla ya kutia saini mkataba.