Uzoefu wangu: mianzi ya kichaka inayofanana, na jinsi ya kuitofautisha kitaluni

Aina zote ninazozizungumzia hapa nimezipanda, na zote ni za kichaka: hazitambai chini kwa chini hadi kwa jirani. Kwa hilo sina lalamiko. Lalamiko langu ni lebo za vitalu. Miche miwili yenye mashina ya njano na milia ya kijani huuzwa kana kwamba ni kitu kimoja, ilhali mmoja ni wa ua na mwingine hukua kama mti.

Wa ua ni Bambusa multiplex 'Alphonse Karr': mita 4 hadi 7, unene wa shina sentimita 1.5 hadi 2.5. Mwingine ni Bambusa vulgaris 'Vittata', unaovuka mita 10 bila taabu na shina lake kufikia sentimita 10. Kwenye kopo tofauti hiyo haionekani. Shina la mwanzi halinenepi. Hutoka ardhini na unene wake wote, na ni machipukizi ya baadaye ndiyo huja manene zaidi. Ndiyo maana mche mchanga wa 'Vittata' huwa na mashina membamba kama ya 'Karr' uliokomaa.

Achana na rangi, shika ganda linalofunika chipukizi. Chagua chipukizi nene kuliko yote, utazame ganda la katikati ya shina kabla halijadondoka. La chini kabisa hupotosha. Ganda la 'Vittata' limejaa vinyweleo vya kahawia iliyokoza (vinachoma, vaa glavu), na kwenye ncha yake ya juu, kila upande, kuna "sikio" kubwa la mviringo, yaani kijipande kinachotokeza. La 'Karr' ni laini, na masikio yake ni madogo sana au hayapo. Ukikuta kichaka hakina ganda hata moja, angalia jani: la 'Karr' lina weupe kidogo upande wa chini. Machipukizi yake yakipigwa na jua hupata wekundu wa waridi.

Bambusa textilis 'Gracilis' naupa nyota 5, ila si kwa kila kazi. Ni wa kijani na huchanganywa na multiplex ya kijani, lakini pingili zake ni ndefu, fundo halijatokeza, na shina changa lina unga mweupe unaofutika kwa kidole. Matawi huanzia juu. Unafaa sana penye nafasi finyu. Anayetaka kuziba macho ya watu kuanzia ardhini achukue multiplex, ambayo hutoa matawi hata chini.

Mianzi yenye pingili zilizovimba nayo iko miwili. Bambusa ventricosa (lebo nyingine husema Bambusa tuldoides 'Ventricosa', mmea uleule) hupewa nyota 1 na wanunuzi wengi kwa sababu "umekataa kuvimba". Si mche mbovu. Uvimbe huja mizizi ikibanwa chunguni na maji yakiwa ya kubania; ukiupanda ardhini na kuumwagilia vizuri, utanyooka na kuvuka mita 10. Ukitaka uvimbe hata ardhini, tafuta Bambusa vulgaris 'Wamin', ambao pingili zake za chini hubaki fupi na nene. Kipimo ni kilekile: ganda la 'Wamin' lina vinyweleo vya kahawia, la ventricosa ni laini.

Kupanda hakuna siri: shimo pana mara mbili ya kopo, kina kilekile cha kopo, matandazo sentimita 10. Nafasi ndiyo inayowaumiza watu. Ua wa 'Karr' acha mita 1 hadi 1.5 kati ya mche na mche. 'Vittata' angalau mita 4, mbali na ukuta. Punguza mashina yenye zaidi ya miaka 3, ukiyakata karibu na ardhi, juu tu ya fundo. Ukikata katikati ya pingili unaacha kikombe cha maji, na mbu hawakawii.