Crown XLS 2502 kwenye sabufa mbili za inchi 18: uzoefu wangu

Nakodisha muziki hapa Morogoro: harusi, send-off, ubarikio, mara mojamoja mkutano wa hadhara. Spika zangu za juu ni za inchi 12 zenye amplifaya ndani yake, hizo hazijawahi kunisumbua. Kilichokuwa kinanikera ni besi. Nina sabufa mbili za inchi 18 zisizo na amplifaya, maboksi yake yalichongwa na fundi wa hapahapa mjini, na kwa muda mrefu niliziendesha kwa amplifaya ya transfoma iliyohitaji vijana wawili kuishusha garini. Nilipoamua kuibadilisha nikachukua Crown XLS 2502, na nimeshapiga nayo harusi za kutosha kuweza kuisemea.

Nianze na ile ambayo sikuichukua. Kariakoo muuzaji mmoja alinitolea boksi linalong'aa, taa za bluu kila kona. "Mkubwa, hii wati elfu kumi, unapiga uwanja mzima." Nikaigeuza nyuma nikatazama waya wake wa umeme. Plagi ya kawaida, fyuzi ya ampea 13. Ampea 13 mara volti 230 ni wati 2,990, basi. Nikamuuliza hizo elfu saba zinazobaki zinatoka wapi. Akacheka, nami nikacheka, tukaachana kwa amani.

Ukitaka amplifaya ya sabufa, anza na kile kilichoandikwa nyuma ya sabufa. Zangu kila moja ni omu 8 (kipimo cha ukinzani wa spika), wati 600 RMS, wati 1,200 za programu, wati 2,400 za kilele. Hiyo ya kilele isahau, ipo kwa ajili ya kuuzia. RMS ndiyo mzigo ambao koili inaubeba mfululizo bila kuungua. Programu ni mara mbili yake, kwa sababu muziki haupigi mfululizo: ngoma inagonga, inanyamaza, inagonga tena. Watu wa sauti wengi huchagua amplifaya inayoifikia namba ya programu, halafu wanaibana isikae huko juu muda mrefu. Ukichukua ndogo mno DJ ataisukuma mpaka ianze kukata vilele vya sauti, na sauti iliyokatwa vilele nayo inaua spika.

Sasa XLS 2502. Kwa vipimo vya Crown wenyewe, kila chaneli inatoa wati 440 kwenye omu 8, wati 775 kwenye omu 4, na wati 1,200 kwenye omu 2. Ukiisoma juujuu utasema 440 kwa sabufa ya 600 ni njaa, na kweli ukiunga sabufa moja kila chaneli utabaki na njaa hiyo. Utamu wake uko kwenye briji, yaani chaneli mbili kufanya kazi kama moja. Hapo inatoa wati 1,550 kwenye omu 8 na wati 2,400 kwenye omu 4. Sabufa mbili za omu 8 zikiungwa sambamba zinakuwa omu 4. Gawa 2,400 kwa mbili: wati 1,200 kila sabufa. Ndiyo namba iliyoandikwa nyuma ya boksi langu.

Ila omu 4 ya briji ndiyo mwisho wa reli. Kila chaneli ndani inauhisi mzigo huo kama omu 2. Kijana wangu wa kubeba vyombo aliniambia, "Kaka, si tuazime sabufa ya tatu tuichomeke hapohapo?" Tatu za omu 8 zinashuka hadi omu 2.7. Nikamwambia hiyo ya tatu itakuja na amplifaya yake au ibaki ilikotoka.

Kuunga si kazi. Unachagua briji kwenye kioo kidogo cha mbele, ishara inaingia chaneli ya kwanza peke yake, na waya wa spika unashika vichwa viwili vyekundu vya nyuma, vyeusi unaviacha. Fanya hivyo ikiwa imezimwa. Kinachodharauliwa ni huo waya wenyewe. Kwa umbali wa mita 20, waya mwembamba wa milimita za mraba 0.75, huu wa kufungia taa, una ukinzani wa karibu omu 0.9 kwenda na kurudi. Kwenye mzigo wa omu 4 maana yake karibu moja ya tano ya nguvu uliyoilipia inaishia kupasha waya moto. Nilipanda hadi 2.5, hasara ikashuka kwenye asilimia 6 hivi, kisha nikaisogeza amplifaya ikae jirani na sabufa. Waya wa ishara ndio unaotembea mbali, kwa sababu wenyewe hauli nguvu.

Mipangilio ndiyo sehemu niliyokaa nayo sana. Amplifaya hii inakupa kuchagua inajaa kwa ishara ya volti ngapi: 0.775 au 1.4. Nimeweka 1.4. Mixa yangu ikiwa kwenye sifuri ya mita inatoa kama volti 1.23, kwa hiyo mita ya mixa ikifika sifuri, amplifaya nayo inakaribia kujaa. Ukiweka 0.775, amplifaya inafika mwisho wakati taa za mixa bado ziko kwenye kijani, na ule mvumo wa chinichini unapanda pia. Nobu za mbele nimezifungua zote, na hapa najua kuna watakaonibishia. Ukweli ni kwamba nobu haipunguzi nguvu ya amplifaya, inapunguza ishara inayoingia. Iweke katikati ukidhani umejilinda, DJ akipandisha mixa utafika kulekule.

Ulinzi wa kweli niliupima kwa multimita, ile ya njano ya bei rahisi. Nilichomoa sabufa zote, nikapiga toni ya hezi 50 kutoka kwenye simu kupitia mixa, ncha za multimita kwenye vile vichwa viwili vyekundu, kipimo kikiwa AC. Hezi 50 ndio mwendo wa umeme wa nyumbani, kwa hiyo hata multimita ya kawaida haidanganyi hapo. Hesabu: wati 1,200 kwa jumla, yaani 600 kwa kila sabufa, kwenye omu 4 ni kipeuo cha pili cha 4,800 (1,200 mara 4), sawa na volti 69. Nikapandisha taratibu: 40, 55, 63, 69. Hapo nikasimama nikashusha kizingiti cha kompresa ya mixa (ile inayobana sauti ikizidi), iliyowekwa mwendo wa polepole, mpaka ikaanza kushika. Mpigo mfupi unapita salama, besi ndefu isiyoachia inarudishwa chini. Vilele vya juu kabisa vinadakwa na limita ya amplifaya yenyewe, wanaiita PeakX, lakini hiyo inaitazama amplifaya isikate vilele vya sauti, haijui sabufa yako ni ya wati ngapi. Ukijaribu zoezi hili usiguse vile vichwa kwa kidole. Volti 69 zinatosha kukurusha.

Kichujio cha ndani kimeniokolea pesa ya kununua krosova ya pembeni, yaani kifaa cha kutenganisha besi na sauti za juu. Kinakwenda kuanzia hezi 30 hadi 3,000, mteremko wa desibeli 24 kwa oktavu. Nimekikata kwenye 100, na spika za juu nimeziambia zianzie 100. Kwa chini, mixa inakata kila kitu kilicho chini ya hezi 35, maana tundu la hewa la maboksi yangu limepigiwa hesabu ya kupumua kwenye hezi 40. Chini ya hapo hewa ya tundu haiishikilii tena koni, inakwenda mbele na nyuma bila breki na huku husikii chochote cha maana.

Kisha sabufa nimezipa njia yake ya kutokea kwenye mixa, ile inayoitwa aux, peke yake. Kinachoingia humo ni kompyuta ya DJ, kiki ya ngoma na gitaa la besi. Maiki ya MC haiingii. Ukifanya hili moja tu, hata bila kubadilisha amplifaya, utashangaa. MC akishika maiki karibu na mdomo akasema "wapendwa", ile "p" haigeuki tena kuwa bomu, na wazee wa meza ya mbele wanasikia maneno.

Jambo la mwisho la upimaji: toni ya hezi 100 kwenye sabufa na spika za juu kwa pamoja, mtu asimame katikati ya ukumbi, wewe geuza waya mbili za sabufa kichwa kwa kichwa amplifaya ikiwa imezimwa, mwulize wapi inasikika kubwa. Bakia na ile kubwa. Na sabufa zote mbili naziweka pamoja, upande kwa upande. Nikiziweka moja kulia moja kushoto, besi inajazana kwenye mstari wa katikati na meza za pembeni zinakosa.

Ubebaji wake? Ina kilo tano hivi, naikamata kwa mkono mmoja. Feni inasikika ukumbi ukiwa kimya, na muziki ukianza hakuna anayeijua. Kwenye umeme haina tamaa kama namba zake, kwa sababu muziki wa kawaida wastani wake ni kama moja ya nane ya nguvu kamili. Jenereta yangu ya kVA 5 inaibeba pamoja na mfumo wote na taa. Usiifungie tu kwenye kasha lisilo na hewa. Na kama unaagiza kutoka nje, soma kibandiko cha volti nyuma kabla hujalipa, maana Marekani wao ni 120.

Kwa sabufa mbili za omu 8 za kiwango cha zangu, ningeinunua tena. Mwenye sabufa mbili za omu 4 asihangaike na briji: moja kila chaneli, wati 775 zinatosha kama zimeandikwa 400 RMS. Mwenye nne za omu 8 zenye wati 600 kama zangu, anahitaji amplifaya mbili.