Thamostati mpya kwenye Vitz: baridi ya Njombe haininyonyi tena petroli

Mafundi wengi wa Dar wana wimbo mmoja: gari likichemsha tu, thamostati, ile vali inayozuia maji ya injini yasiende kwenye rejeta mpaka yapate moto, inang'olewa na kutupwa. "Huku joto, ya nini hii?" Vitz langu nililinunua kwa mtu likiwa halina, na ukiwa mjini huwezi kujua. Foleni ya Ubungo inaipasha injini yenyewe.

Kilichoniumiza ni safari za Njombe, Juni na Julai. Ukiiacha Makambako alfajiri, ile taa ya bluu ya dashibodi, ya injini baridi, inawaka upya huku gari liko kwenye mwendo. Bila thamostati maji yanapita kwenye rejeta muda wote, na baridi ya kule inayapoza kuliko injini inavyoyapasha. Sensa inaiambia kompyuta kwamba injini haijapata moto, nayo inazidi kumwaga petroli. Hata hita inapuliza hewa ya uvuguvugu tu.

Nikachukua ya Kijapani Kariakoo, imechongwa 82, yaani inaanza kufunguka maji yakifika nyuzi 82. Kabla ya kufunga tuliitumbukiza kwenye sufuria jikoni. Ikakaa imefunga kimya, mpaka maji yalipokaribia kuchemka ndipo sahani yake ikajiinua taratibu. Ukipewa feki utaijua hapohapo. Pamoja na kulanti, yaani maji ya kupozea injini, na hela ya fundi, laki moja haikuisha.

Safari iliyofuata taa ya bluu ilizimika mapema na haikurudi, hita ikawa hita. Lita moja iliyokuwa ikinipa kilomita kama 12 njia ya Iringa sasa inanifikisha 14 hivi. Oili ni ileile 5W-30 ya siku zote, kwa hiyo unafuu huu siyo wa oili. Mjini tofauti ni ndogo, usitegemee miujiza Mwenge saa kumi na moja jioni.

Nyota nne kati ya tano. Moja naikata kwa sababu mpira wake unauzwa kando, na muuzaji alinyamaza mpaka fundi alipokwishafungua. Kama gari lako linachemsha, kagua kwanza rejeta, feni na wota pampu, maana kung'oa thamostati hakuvitengenezi. Na dukani taja namba ya injini, Vitz zina injini za aina kadhaa.