Ufundi wa bati Mombasa: kwa fundi au chuoni?

Kwa fundi huenda usilipe karo, ila miezi ya mwanzo unalipa kwa jasho: kunyosha madebe, kufagia, kutumwa chai. Chuo kinataka karo, na kwa kawaida muda wa kumaliza unajulikana.

Mkono, lakini, hufunzwa na fundi. Lehemu ya kuungia, mchanganyiko wa madini ya bati na risasi, huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183 za Selsiasi tu. Kujua chuma cha kulehemu kimepata moto wa kutosha, usiunguze mshono wa kandili, hilo daftari halikupi. Kukunja ukingo wa karai vilevile. Nami napenda zile kelele za nyundo, nisiseme uongo.

Chuo hushinda kwenye kusoma michoro na usalama. Zinki iliyopakwa juu ya bati ikiungua, moshi wake huleta homa, na mafundi wengi huuvuta tu.

Cheti? Hata wa jua kali anaweza kufanya mtihani wa daraja wa NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani. Hivyo mwenye familia ya kulisha na jirani mwenye karakana Majengo, aanzie hapo. Anayelenga ajira kiwandani ataulizwa karatasi getini.