Kalipa za pistoni nne: breki tamu, klabu haizitaki

Hizi kalipa (zile zinabana pedi kwa diski ukikanyaga breki) za Subaru za pistoni nne na diski zake za 294 mm nilizitoa Grogan, pale Nairobi kwa spea za gari, ex-Japan, yaani zimetumika huko, elfu thelathini na kitu baada ya kubishana na muuzaji karibu saa nzima. Gari yangu ni Impreza ya kitambo haina turbo, mbele ilikuja na zile kalipa za pistoni moja na diski kama sahani ya chai. Fundi alifunga kwa bolti zile zile, hakukata kitu, ila rimu za 14 zikakataa kabisa ikabidi nisake za 16, na hiyo ni pesa ingine hakuna mtu hukuambia mapema. Pia nunua seal mpya kabisa, pistoni moja yangu ilikuwa imekwama.

Sasa utamu. Na breki za zamani nilikuwa napiga raundi tatu safi kwa treki, ya nne pedali inaanza kuzama kama umekanyaga sponji, siku moja ikaenda mpaka chini kwa kona nikajipata kwa nyasi. Fluidi ya breki ilikuwa imechemka. Aina ya DOT 4 ikiwa mpya haifai kuchemka chini ya nyuzi 230, ikishakunywa maji kidogo kiwango kinashuka mpaka 155, na yangu ilikuwa ya miaka sijui mingapi, kwa hiyo nusu ya lawama nachukua. Lakini hata nilipoweka mpya diski ndogo haikuwa na pa kupeleka joto, ukitoka spidi ya 80 ukafika 160 kazi ya breki inaongezeka mara nne, si mara mbili. Na hizi nimepiga raundi nane pedali iko pale pale.

Ubaya ni pedali imekuwa ndefu kidogo, pistoni kubwa zinataka fluidi mingi, na kwa mvua mbele inafunga haraka. Unazoea.

Shida ni klabu yetu ya mbio za magari. Klasi ya wasio na turbo lazima breki za kiwandani, so siku ya mashindano nafungua breki nzuri narudisha mbovu ndio niruhusiwe kukimbia, aki hiyo ni akili gani? Nimewaandikia pendekezo: kalipa na diski za kampuni ile ile iliyounda gari zikubaliwe, pedi, paipu na fluidi kila mtu achague, injini isiguswe. Mzee mmoja wa kamati akasema breki kubwa pia ni spidi, unachelewa kukanyaga. Hajakosea, nimepunguza muda kweli. Lakini Marekani kwa 24 Hours of Lemons, mbio za magari ya bei rahisi zilizoanza 2006, gari halifai kuzidi dola 500 na breki hazihesabiwi kwa hiyo bei, wanaziweka upande wa usalama. Na hao ndio wanakimbiza mikebe!

Kamati inakaa mwezi ujao. Kalipa nazipa 9 kwa 10, hiyo moja imeenda na rimu.